Plasta ya Bibi wa Chilangala

Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, hapa Newala, kila siku ya tatu nilimbandikia kifuani bibi mmoja wa Chilangala plasta ya dawa ya maumivu. Na kila siku ya tatu nilimkuta bado anaugulia mgongo. Nikailaumu dawa, nikamlaumu daktari, nikapanda gari mpaka Masasi kwenda kubishana na mfamasia.

Asubuhi moja nilikuwa nawaogesha bibi wawili wanaolala naye chumba kimoja. Mmoja ana kipande cha plasta gotini, mwingine kiunoni. Kumbe nikitoka tu, yule bibi anaibandua na kuigawa kwa wembe, na kipande chake ndicho kidogo kuliko vyote!

Nilifoka. Nikamwambia plasta hii haikatwi, dawa yote inaweza kumwingia mtu kwa mkupuo akalala asiamke. Aliniacha nimalize.

"Hawa nao wanaumwa, mjukuu wangu," akasema. "Wao umewaletea nini?"

Vidonge vya kawaida, basi. Ndivyo walivyoandikiwa, na haviwasaidii kitu.

Wembe niliuchukua. Siku hizi plasta naibandika mgongoni, katikati ya mabega, mkono wake usipofika. Sasa analala vizuri, wanaougulia ni wenzake. Kila asubuhi naingia, nainama, nasema, "Shikamoo, bibi." Ananitazama tu. Marahaba yake sijaisikia tena.