Fundi wa vitufe anayepima kazi yake kwa unga

Shangazi anachovya kidole gumba kwenye sahani ya unga, anakikung'uta kidogo, kisha anabonyeza kipande cha boksi kilichokatwa kwa ukubwa wa simu na kuchorwa vitufe. Ni saa moja na robo asubuhi na chai bado haijachemka.

"Hapo nimemwita daktari," anasema.

"Hapo umemwita daktari na umemfuta mgonjwa," anajibu binti wa kaka yake, akiinua boksi kwenye mwanga wa dirisha.

"Kama amefutwa, basi amepona."

Binti huyo ana miaka thelathini na moja na ni fundi wa programu za simu. Mtaani wanamwita Fundi Vitufe. Jirani mmoja alishamletea rimoti ya televisheni. "Nikamtengenezea," anasema. "Ningemwambia nini? Ilikuwa betri tu."

Kazi yake hasa ni upau wa juu, ule ukanda mwembamba kichwani mwa skrini. Humo ndimo vinamokaa vitufe vya kutafuta, kupiga simu, kurudi nyuma.

"Watu wanadhani ni kubandika vipicha viwili vitatu ukalale," anasema. "Pale juu ni padogo kama kiti cha nyuma cha baiskeli, na kila mtu anataka apakiwe."

Wateja wake wa sasa ni wauguzi kumi na wanne wanaozunguka majumbani kuhudumia wagonjwa tisini na mmoja. Kabla ya programu aliyowatengenezea, kila muuguzi alikuwa akinakili majina kwenye daftari kwa saa moja na nusu kila siku, baada ya kutembea kutwa nzima.

Waliomba vitufe vitatu juu: kutafuta mgonjwa, kumwita daktari, kumwondoa aliyemaliza matibabu. Fundi akavipanga vyote vitatu kwa mstari, vimebanana. Akavijaribu mezani kwake, vikafanya kazi.

Wiki tatu zilizopita, muuguzi mmoja alikuwa amemshika mzee mkono asianguke. Kwa mkono uliobaki akanyoosha kidole gumba mpaka juu ya skrini amwite daktari.

"Simu ikaniuliza, 'Una uhakika?'" anasimulia muuguzi huyo. "Mimi nina mzee mkononi. Nikajibu ndiyo. Nani asiye na uhakika wakati kama huo?"

Mzee akatoweka kwenye orodha. Kitandani alikuwepo, tena akilalamika kuwa mto ni mgumu. Daktari, aliyekuwa nyumba ya jirani siku hiyo, aliitwa kwa mdomo tu, kupitia dirishani, na hakuna aliyedhurika.

Lakini Sista Mkuu, kiongozi wa wauguzi, alitoa daftari kubwa kabatini akaliweka mezani. Majaribio yarudiwe baada ya wiki tatu, siku ya Ijumaa. Likitokea kosa moja tu, wote wanarudi kwenye kalamu. Miezi minane ya kazi ya fundi ikabaki inaning'inia kwenye kidole cha mtu.

"Nilikuwa najaribu kwa vidole vyangu," anakiri. "Vidole vyangu vinajua nilichokusudia. Vya wengine havijui."

Dawa aliipata jikoni. Shangazi, aliyekuwa akikanda, alichukua simu ya kazi atazame saa. Fundi akafungua mdomo agombe, akaona alama ya unga kwenye kioo: pana, imelala upande, imefunika vitufe viwili.

Tangu siku hiyo wamechafua maboksi arobaini.

"Watoto wa wenzangu wanamaliza unga kwa kula," analalamika Shangazi, huku akichovya tena.

Leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Boksi la mwisho limebaki na vitufe viwili tu juu, kutafuta kushoto, daktari kulia, katikati peupe. Cha kumwondoa mgonjwa kimeteremshwa chini kabisa, ndani ya ukurasa wa mgonjwa mwenyewe. Hata swali limebadilika: "Umwondoe mgonjwa huyu kwenye orodha?"

Shangazi anabonyeza. Unga unaangukia ndani ya duara la daktari, wote.

"Huyo kaitika," anasema, na kwenda kutazama chai.

Saa nne, ofisini kwa wauguzi, muuguzi yule yule anapewa begi la dawa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Anatembea, ananyoosha kidole. Chumba cha pili simu ya daktari inalia. Fundi, aliyesimama mlangoni, anaanza kupumua.

Sista Mkuu hataki kusimuliwa. Anavaa glavu, anabonyeza mara kumi huku akizunguka meza. Simu inalia mara kumi, mpaka daktari anatokeza kichwa kuuliza kulikoni.

Sista analirudisha daftari kabatini. Halitupi. "Likae," anasema. "Halijamkosea mtu." Kisha, kabla fundi hajakunja kompyuta yake: "Sasa hapo juu tuongezee kitufe cha kupiga picha za vidonda. Nafasi naiona."

"Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe, Sista."

Safari hii, kwa kitufe cha picha, fundi hataanzia mezani. Amewaomba wauguzi azunguke nao wiki nzima, nyumba kwa nyumba, aone mikono yao imeshika nini kila wanapotoa simu. Ndipo achore.

Jioni anamweleza Shangazi mpango huo wote. Shangazi anasikiliza mpaka mwisho.

"Na unga?"

"Nitanunua wangu, Shangazi."

"Nunua na wa kula."