Nilivyotafuta kiwanda cha ndege za mafunzo za wakati wa vita hapa Stockholm, nikafikishwa kwenye chumba cha gundi

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Huku Stockholm theluji bado imekataa kuondoka. Nimejifungia ndani na chai yangu ya tangawizi, nikaona leo niliandike hili jambo maana nimelibeba tangu mwezi wa pili na limeanza kunizidi.

Ni kweli tupu, limenikuta mwenyewe. Wabishi najua mpo, karibuni, ila someni mpaka chini kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Mtanzania. Nilikuja kusoma, masomo yakaisha, nikabaki. Nahudumia wazee majumbani kwao, eneo la Hallonbergen. Unaingia kwa mzee asubuhi, unampa dawa, unamsaidia kuoga, mnakunywa kahawa, unakimbilia kwa mwingine.

Huku mtu anaitwa jina lake tu hata awe na umri wa babu yako. Mimi hilo limenishinda. Kwa hiyo kuna mteja wangu namwita Mzee Börje, na ameshazoea, anaitika vizuri tu.

(Ameniruhusu kuandika habari zake, jina la kwanza basi. Msije mkanianza kwenye komenti.)

Mzee Börje alizaliwa katikati ya Vita Kuu ya Pili. Hana mke wala mtoto. Macho yake yanakufa taratibu, daktari ameshamwambia hayarudi. Akikutazama anageuza kichwa pembeni, kwa sababu pembeni ndiko kulikobaki na mwanga kidogo.

Siku moja tunakunywa kahawa nikamuuliza kwao ni wapi. Swali la kawaida kabisa kwetu. Akaweka kikombe mezani, nikajua nimeharibu.

Kisha akasema alilelewa na familia ya wakulima, si wazazi wake. Na yule mama wa shambani, kila akikasirika, alikuwa anamwambia: "Mama yako alichagua ndege, hakukuchagua wewe."

Nikamuuliza, ndege gani tena?

Alikuwa anajua mambo mawili tu. Mama yake aliitwa Elsa, na alifanya kazi ya mabawa ya ndege za kufundishia marubani wa jeshi, mahali fulani hapa hapa Stockholm. Wapi, hajui. Wafanyakazi wa kazi hizo walikatazwa kusema.

Akaniambia, "Nataka nipaone kabla macho hayajaisha. Nataka nikione hicho kitu kilichonishinda."

Wakuu, hebu oneni. Mzee mzima, karne nzima inakaribia, bado anashindana na ndege.

Sasa mimi ni mtu wa udadisi sana, mke wangu analijua hilo na limeshamchosha. Kwanza sikujua hata kama Sweden ilitengeneza ndege wakati ule. Si hawakupigana? Kumbe ndiyo sababu yenyewe. Pande zote vita, kununua ndege nje ikawa ngumu, na rubani huwezi kumfundishia kwenye ndege ya kivita siku ya kwanza. Unahitaji ndege nyepesi, ya kujifunzia hata ikiharibika. Wakawa wanatengeneza wenyewe, nyingine kwa michoro ya Wajerumani, nyingine ya Wamarekani.

Lakini wapi? Nikapiga simu huku na kule. Kila mtu ananitajia viwanda vikubwa vya miji mingine, mbali kabisa. Nikaanza kuwaza labda yule mama wa shambani alitunga tu.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni mpaka Jakobsberg. Upande ule zamani palikuwa na uwanja wa ndege wa jeshi, na nilisikia kuna wastaafu wanaotunza ndege kuukuu. Nikawakuta wako kwenye banda lao, wamevaa ovaroli, wanakunywa kahawa (huku kila kitu ni kahawa). Sikuwa na miadi. Nilibisha hodi tu kama ninavyobisha kwetu, wakashangaa, halafu wakafurahi.

Nikauliza kama ndege za mafunzo zilitengenezwa pale.

Mmoja wao akacheka, akasema pale zilikuwa zinaruka na kuanguka, si kutengenezwa. Akanivuta mpaka kwenye kipande cha bawa kilichokuwa mezani.

Aisee. Mbao!

Vijiti vyembamba vimeunganishwa kama mbavu za samaki, juu yake mbao laini, halafu kitambaa. Mimi nilikuwa natafuta kiwanda cha chuma chenye mabomba ya moshi, kumbe natafuta karakana ya seremala. Yule mzee akanieleza kwamba chuma kilikuwa adimu, hivyo kazi iligawanywa. Mkia unatengenezwa huku, injini kule, mabawa wanapewa watengeneza kabati na viti, halafu vyote vinasafirishwa kwenda kuunganishwa sehemu nyingine.

Nikarudi nyumbani nafikiria swali lenyewe. Ndege moja imetengenezwa wapi, kama imetoka sehemu kumi?

Ila kazi ya kumtafutia Mzee Börje ikawa ngumu zaidi. Karakana za useremala za enzi hizo zilikuwa nyingi mno, na nyingi zimevunjwa. Hapo nilikuwa nimekaribia kukata tamaa.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho Waswidi wenyewe hawana.

Tuna grupu la WhatsApp la Waswahili wanaofanya kazi za wazee Stockholm nzima. Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi, sote humo. Fikirini. Watu waliobaki wa enzi ya vita wako vitandani, na sisi ndio tunaowavalisha soksi kila asubuhi. Tunasikiliza hadithi ambazo watoto wao wamezichoka.

Nikatuma sauti kuuliza kama kuna mwenye mzee aliyewahi kutengeneza ndege. Kabla sijamaliza kujipongeza, dada mmoja Mkenya akanirukia: "Wee, usitaje jina la client hapa hata kidogo! Hiyo ni sekretess, utafutwa kazi." Nikamwambia sijataja, na sitataja. Huku siri ya mteja ni sheria, hakuna utani.

Siku ikapita kimya. Kesho yake Mama Furaha, Mkongo wa Hagsätra, akanipigia.

"Ndugu, huku niko na mama moja, mzee sana. Anasemaka alikuwa anafanya mabawa ya avion, wakati wa vita. Mimi nilizania ni kichwa inapotea! Nimemuuliza kama unaweza kuya. Anasema kuya, amenyamaza sana, sasa basi."

Tulienda Jumamosi. Metro kutoka Hallonbergen, tukabadilisha mjini, tukashuka mwisho wa reli Hagsätra. Njia nzima Mzee Börje amenishika mkono. Nilimwonya asitegemee sana. Nilijionya na mimi.

Huyo mama, Bibi Gunvor (naye ameniruhusu kumtaja), ana karibu miaka mia. Mdogo, kakunjika kwenye kiti, ila sauti kali. Mama Furaha alikuwa amemsuka nywele vizuri, na juu ya meza kuna mandazi, sijui kama Hagsätra imewahi kuona ukarimu wa namna ile.

Sikumwambia bibi huyu mzee niliyekuja naye ni nani. Niliuliza tu juu ya kazi.

Akasema alikuwa msichana mdogo kuliko wote pale. Karakana ilikuwa Sundbyberg, si mbali na ninapofanya kazi mimi. Ndege nzima hakuwahi kuiona hata mara moja. Mabawa yakikauka lori linakuja, yanaondoka, basi. Gundi yenyewe ilitengenezwa kwa maziwa, wakuu, maziwa! Ilikuwa inanuka mpaka kwenye nywele.

Na gundi ile haikutaka baridi. Chumba kikipoa bawa halishiki, na bawa lisiposhika rubani anakufa. Kwa hiyo wakati kuni na makaa vilikuwa vya mgao, watu wanalala na makoti majumbani, chumba cha gundi kiliwashwa moto usiku na mchana.

"Kwa sababu hiyo Elsa aliingia naye," akasema.

Nikahisi mkono wa Mzee Börje umekaza.

Nikauliza, aliingia na nani?

"Na mtoto. Alikuwa amepanga chumba kisicho na jiko la kuwashia moto, na mtoto kazaliwa kwenye baridi kali. Akaja kuomba kazi kwetu kwa ajili ya lile joto. Ndege hakuzipenda hata kidogo, alikuwa anasema zinampa kizunguzungu hata akizitazama kutoka chini. Mtoto alilala kwenye sanduku la vipande vya mbao, chini ya meza ya gundi. Ilikatazwa kabisa. Msimamizi aliliruka lile sanduku kila siku na hakuliona hata siku moja."

Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Börje. Yule mtoto aliitwa Börje. Alinuka maziwa yaliyochacha."

Wakuu, jina hilo hatukulitaja. Mimi sikulitaja kwa Mama Furaha, wala Mama Furaha kwa bibi.

Mzee Börje akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Bibi akamnyooshea mikono. Akampapasa uso kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Mama Furaha akakimbilia jikoni, nikamsikia analia kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja.

Nilichelewa kuuliza, lakini nikauliza. Kwa nini sasa alimtoa?

Kwa sababu vita iliisha. Dunia nzima inashangilia, karakana ikarudi kwenye kabati zake, wanawake wakaambiwa ahsanteni, chumba cha gundi kikazimwa. Baridi iliyofuata mtoto akaugua mapafu. Elsa akatafuta nyumba yenye jiko linalowaka, akaipata shambani, akampeleka mtoto huko. Miaka michache baadaye ugonjwa huo huo wa mapafu ukamuua yeye mwenyewe.

Jengo bado lipo. Siku hizi ni mahali pa kupangisha stoo za watu, korido ndefu zenye milango ya bati. Tulienda wiki iliyofuata. Bibi alikuwa ametuelekeza: chumba cha gundi kilikuwa mwisho kabisa, kwenye ukuta wa bomba la moshi.

Mzee Börje hakuona kitu cha maana, macho yameshakwenda sana. Alivua glavu akaweka kiganja kwenye matofali, akakiacha hapo.

"Pana baridi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, pamezimwa.

Halafu akasema, "Kumbe ndege ndizo zilizokuwa kisingizio. Aliyechaguliwa ni mimi."

Nililia, sina haja ya kuwaficha. Mwanaume mzima kwenye korido ya stoo.

Nilichojifunza? Wazee wapo, majibu wanayo, ila hakuna anayewauliza. Sisi tunaoingia majumbani mwao tusikimbilie dawa na soksi tu. Na mkimwambia mtoto jambo baya juu ya mama yake, jueni atalibeba hadi uzeeni.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye bibi au babu aliyefanya kazi za vita popote pale, amwage hapa alichowahi kusikia. Mzee Börje amesema nimsomee majibu yote, hata ya wabishi. Asubuhi nilipomuuliza ajitambulishe vipi humu, nilidhani atataja lile shamba.

Akasema niwaandikie kwamba amekulia kwenye kiwanda cha ndege, na mama yake.