Kiti cha Mlangoni

Ofisi nzima inamwita Shemeji, na kosa ni langu. Siku aliyokuja kuanza kazi nilimwona anaingia na mkoba wake wa bisibisi, nikaita, "Shemeji, umefika!" Ndiye mume wa dada yangu, na mimi ni mtu wa mapokezi, kunong'ona sijui. Kufika mchana mhasibu alikuwa anamwita Shemeji, dereva naye Shemeji, na wiki haikuisha kabla meneja mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, hajachungulia kuuliza, "Shemeji yuko wapi? Skrini imegoma." Nimewaeleza mara ngapi kwamba hawajaoa kwetu. Hawaelewi.

Kazi yake ni vyumba vya mikutano. Anafunga skrini, kamera, maikrofoni na spika, pamoja na zile waya ambazo sisi wengine tunaogopa hata kufagia karibu nazo. Kwa miaka miwili alifanya kazi hiyo kwa mkataba wa miezi sita sita, na kila miezi sita ikikaribia kuisha dada yangu alianza kukosa usingizi. Halafu mwaka huu meneja akamwambia: kuta mbili zinavunjwa, tunapata chumba kirefu kipya. Ukikifunga vizuri na mkutano wa kwanza na makao makuu ukaenda salama, ajira yako inakuwa ya kudumu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo ofisini tulilijua wawili tu. Shemeji hasikii sikio la kushoto. Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa muziki wa harusi, miaka kumi na minne, kila Jumamosi amesimama palepale na spika kubwa kuliko kabati upande wake wa kushoto. Sikio likaondoka polepole bila kuaga. Waligundua siku ambayo dada alimwita mara tatu kutoka upande ule, naye anaendelea kumenya vitunguu. Dada akadhani amenuniwa, akanuna na yeye, wakakaa siku mbili hawasemezani kabla ukweli haujajulikana. Siku hizi dada anatembea kuliani kwake na anamsema apendavyo.

Ofisini alificha. Nani angempa kazi ya sauti fundi wa sikio moja? Mtu akisema naye anageuza kichwa kidogo, na watu wakamsifu kwamba ni mtu wa adabu, anakusikiliza hasa. Mimi nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Na mimi ndiye niliyekuwa sikio lake la pili. Shemeji hajaribu maikrofoni kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Anasema kila anayehesabu hupaza sauti, na mikutano haiendeshwi kwa makelele. Yeye huzungumza na maikrofoni kama anazungumza na mtu, kwa sauti ya kawaida, habari za nyumbani: mtoto wa pili kapoteza kiatu kimoja tena, bomba la jikoni linavuja, dada yako kasema Jumapili uje na usije mikono mitupu. Mimi natoroka mapokezi, tunafunga mlango, nakaa kiti kibaya kuliko vyote, kile cha mlangoni. Nikipata kila neno nainua dole gumba. Nikikosa moja natikisa kichwa, naye anarudi kwenye waya zake. Watu walidhani nimempelekea maji.

Chumba kipya kilimla wiki tatu. Kwa urefu wake, spika ya kulia aliifunga mbele kwenye skrini, na ya kushoto akaipeleka nyuma kabisa, karibu na mlango, ili watu wa huko nao wasikie. Alilaza kila waya chini ya zulia, akapanda ngazi mwenyewe kuelekeza kamera. Jioni moja nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, anakitazama tu. Nilimwonea fahari, nasema kweli.

Siku ya mkutano ikaharibika kwa kitu kidogo. Wajumbe wa bodi walifika mapema, wakajaa mapokezi kwangu, huyu anataka karatasi ya kuegesha gari, yule anatafuta msalani. Simu yangu ya mezani ikalia. "Shemeji, njoo basi kitini," alisema yeye, maana na mimi ni shemeji yake. Nikamjibu sipumui, asubiri. Hakuweza kusubiri, watu walikuwa wanaanza kuketi. Akavaa hedifoni ya mashine inayoendesha spika, akasikiliza. Kulia, sauti safi. Kushoto, kimya.

Kushoto kwake daima ni kimya. Akavua hedifoni, akamwambia meneja, "Tayari."

Nusu saa baadaye nilipeleka glasi chumbani. Huku mbele watu walikuwa wanaandika na kujibizana na mkuu wa makao makuu kwenye skrini. Nyuma, viti sita vya mwisho vilikuwa vinatabasamu. Kiyoyozi kilinguruma juu yao na spika ya nyuma ilikuwa imekufa kabisa. Mama Mwenyekiti, ambaye hukaa mlangoni kwa sababu ya goti lake, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kitu, na kwa njia hiyo alikwisha kubali mkutano mkuu ufanyike siku ya Jumapili, alfajiri. Mkuu akamuuliza swali jingine. Akatabasamu. Akamuuliza tena. Akaitikia kwa kichwa. Mara ya tatu mkuu akasema, "Kuna mtu ananisikia huko?" na watu wa mbele wote wakageuka.

Nilimtafuta Shemeji kwa macho, naye alikuwa ananitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ile, akapapasa nyuma yake. Waya wa sauti unaotoka kwenye kompyuta una vichwa viwili, chekundu cha kulia na cheupe cha kushoto. Cheupe kilikuwa kimegusa tu, hakijaingia. Akakisukuma kwa kidole kimoja, na sauti ya mkuu ikalipuka nyuma kiasi kwamba Mama Mwenyekiti aliruka kitini, goti na yote.

Watu wakacheka. Meneja hakucheka, lakini alimpa mlango wa kutokea. "Waya umechomoka katikati ya mkutano," alisema. "Yanatokea. Au siyo, Shemeji?"

Angesema ndiyo tu. Nilimwomba Mungu aseme ndiyo.

"Hapana, bosi," alisema. "Haukuingia tangu asubuhi. Nilisikiliza, kushoto kulikuwa kimya. Lakini mimi sikio hili halisikii, miaka mingi sasa. Nilidhani ule ukimya ni wangu."

"Nani alijua hili?" meneja akauliza.

Nilikuwa nimeshika sinia. Ningeweza kufungua mdomo. Niliangalia glasi, nikazipanga upya, na glasi zilikuwa zimepangika.

"Hakuna," Shemeji akajibu. Hata hakunitazama. "Nilificha peke yangu."

Jioni ile nilishindwa kwenda kwa dada. Nilikaa kitandani kwangu nikijiona mtu mdogo sana. Kumtania mtu miaka miwili naweza, kusimama naye dakika moja nimeshindwa. Asubuhi nikapiga moyo konde, nikaingia kwa meneja kabla hata sijaweka mkoba mezani.

"Bosi, mimi nilijua. Nilikuwa namsikilizia."

Meneja aliendelea kutafuta miwani yake. "Najua," akasema. "Fundi gani anajifungia na mtu wa mapokezi kila akiwasha spika? Kwanza nilidhani mengine, nikaambiwa ni shemejiyo, nikatulia."

"Sasa jana uliuliza ya nini?"

"Nilitaka kuona nani atajibu." Akaipata miwani, akanitazama nayo. "Umechelewa usiku mmoja. Nenda kazini."

Barua ilitoka baada ya siku kumi na moja. Shemeji aliniletea mapokezi, bado imefungwa, akasema nimsomee kwa kuwa mikono yake ina vumbi. Mikono yake ilikuwa safi. Nikafungua. Ajira ya kudumu. Chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi: fundi asijaribu sauti peke yake, mtu wa mapokezi akae naye, na wote wawili watie sahihi.

Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa nimeiandaa siku zote kumi na moja, na badala yake nikaanza kuisoma barua upya tangu juu. Aliniona. Akaichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mchana kuna mkutano," alisema. "Twende ukakae."

Tulikwenda. Nilipotaka kufunga mlango kama kawaida yetu, akasema, "Uache." Nikakaa kiti changu. Akavuta maikrofoni, akageuza kichwa kidogo kunielekea, akaanza kueleza kwa sauti ya kawaida kwamba kiatu cha mtoto kimepatikana, kilikuwa ndani ya sufuria. Mhasibu alikuwa anapita, akasimama kutusikiliza. Nikainua dole gumba juu, mahali ambapo kila mtu angeliona.