Mashavu Aliyekatwa Pembeni mwa Picha

Mashavu aliwahi kuonekana kwenye filamu, ila kwa miaka mingi yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uhakika huo.

Mwaka 1999, alipokuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, watu wa filamu kutoka Dar walifika gulioni Mashewa na kamera kubwa kama pipa. Walimkuta amekaa na beseni lake la machungwa.

"Dada, usiondoke," walimwambia. "Mwigizaji wetu atapita hapo mbele yako. Usiangalie kamera."

Mwigizaji akapita mara sita, na Mashavu akarudi nyumbani anatembea kwa madaha.

Mkanda ulipotoka, kijiji kikajazana mbele ya TV ya kichogo ya mwalimu mmoja. Gulio likatokea, mwigizaji akapita, na pembeni kabisa mwa kioo ukaonekana mkono umeshika chungwa. Basi. Hata kiwiko hakikuwepo.

"Ule wangu!" Mashavu akapiga kelele.

Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Toka siku hiyo akaitwa Mashavu Mkono. Miaka mitatu baadaye alikutana na Mhina, seremala wa Kwashemshi, kwenye harusi moja mjini Korogwe, wakaoana na kuhamia Kilole. Mume naye akaurithi utani ule kama shamba.

"Mkono hauna sura, Mama Zaidi," alikuwa akimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mkono wowote ni mkono."

Mwaka jana, Jumamosi moja mchana, Sufiani, kijana mwenye banda umiza la jirani, lile la kuonyesha filamu kwa kiingilio, alikuja mbio hadi mlangoni.

"Shikamoo mama. Ile filamu yako imetoka upya! Nimeipata nzima, kama walivyoipiga."

"Marahaba. Nzima kivipi? Kwani niliyoiona ilikuwa nusu?"

Sufiani akamweleza. Filamu ilipigwa kwa picha pana, lakini TV za wakati ule zilikuwa za mraba. Ili picha ijae kioo, waliotengeneza mkanda waliikata kushoto na kulia.

"Kwa hiyo walinikata mimi!" Mashavu alisema. Alivaa khanga mpya, akamburuta Mhina kutoka kwenye randa yake, wakaenda.

Banda lilijaa. Filamu ikaanza, ikiwa na ukanda mweusi juu na mwingine chini. Vijana wakalalamika.

"Sufi, mbona kioo nusu kimezimika? Jaza picha!"

Sufiani, asiyependa ugomvi na wateja, akabonyeza rimoti. Picha ikavimba, weusi ukatoweka, makofi yakapigwa. Gulio la Mashewa likafika. Mwigizaji akapita. Pembeni ukatokea mkono na chungwa.

"Si unaona?" Mhina alisema. "Mkono ni uleule."

Mashavu aliutazama ule mkono, kisha akaitazama rimoti ya Sufiani. Halafu akaelewa. Akasimama katikati ya banda.

"Sufiani! Ukijaza kioo unanikata mimi! Rudisha nyuma, na huo weusi urudishe!"

"Lakini mama, wateja..."

"Wateja watavumilia. Mimi nimevumilia miaka ishirini na tano."

Vijana walinung'unika, lakini nani angebishana na mama wa watu? Sufiani akarudisha. Kanda nyeusi zikakaa mahali pake, na picha ikatanuka pembeni kama mlango uliofunguliwa. Hapo, kwa ukamilifu wake, alikuwepo Mashavu: gauni la maua, nywele za kusuka, shavu limevimba kwa chungwa alilokuwa anatafuna, na macho yameikodolea kamera kabisa.

Banda likalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mashavu akacheka kuliko wote, machozi yakamtoka.

"Simamisha!" alisema ghafla. "Simamisha hapohapo. Nyuma yangu ni nani?"

Nyuma yake aliinama kijana mwembamba mwenye kofia ya njano, mkono umezama kwenye beseni la machungwa, jicho likichungulia kama muuzaji anamwona.

Sura ile, ingawa ya ujana, banda zima liliijua. Kila mtu akamgeukia Mhina. Mhina akajikuna shingo.

"Nilikwenda kuangalia gari la wale watu wa filamu," alisema taratibu. "Muuzaji sikumtazama hata usoni."

"Ulitazama machungwa!"

"Njaa, Mama Zaidi. Kutoka Kwashemshi ni mbali."

Walirudi nyumbani wakicheka njia nzima, wakishangaa kwamba walikaribiana kiasi kile na bado iliwachukua miaka mitatu kujuana. Sufiani alimwekea Mashavu kipande kile kwenye simu, akamfundisha kuilaza simu ubavu ili asikatwe tena. Jioni hiyohiyo Mashavu alimtumia dada yake aliyeolewa Handeni, naye dada akapiga mara moja.

"Mdogo wangu, kumbe ulikuwa mzuri hivyo! Na huyo kibaka hapo nyuma, walimkamata?"

"Nilimkamata mwenyewe," Mashavu alijibu. "Yuko hapa anakula ubwabwa."