Nilimlewesha Punda Milia, Akafukuzwa Yohana

Jina langu silitaji, maana wajukuu zangu wananijua kama mama wa kanisa. Lakini mimi ndiye niliyemlewesha punda milia wa Mzungu pale Makambako, enzi za Mwingereza, nikanyamaza mtu mwingine akabeba kosa langu. Nimekaa nalo hadi meno yameniishia. Leo nalitema.

Mzungu huyo alikuwa daktari wa wanyama. Tulimwita Bwana Kohozi, kwa sababu alikohoa kabla ya kila neno. Alikuwa na banda refu la mabati, ndiyo hospitali yenyewe. Wanyama waliokamatwa Usangu waliletwa pale watibiwe, wapone, wapelekwe kwenye bustani za wanyama huko Ulaya wakatazamwe na watoto wa Kizungu.

Mimi niliishia darasa la pili, nikaajiriwa nesi. Nesi wa kufua bandeji za swala, kushika mkia wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akichomwa sindano, na kunyonyesha watoto wao kwa chupa. Mama akiulizwa kanisani binti yake yuko wapi, alijibu, "Yuko hospitali," akaishia hapo hapo.

Mkubwa wangu kazini alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, Yohana Mligo, mtu wa Njombe. Alinuka ulanzi, pombe ya mianzi, Jumatatu mpaka Jumapili, ila kazini hakuyumba hata siku moja. Mchungaji alimtenga na meza ya Bwana. Yohana akasema si neno, meza ya Mama Eliza inamtosha. Mama Eliza ndiye aliyeuza ulanzi pale barabarani.

Basi akaletwa mtoto wa punda milia, mama yake kaliwa na simba, kifua kimembana kwa baridi yetu. Yohana akampa jina la mama mkwe wake, Luti, kwa kuwa wote wawili walimpiga mateke siku ya kwanza. Akawa anamwimbia tenzi kwa Kibena mlangoni mwa banda, na Luti hakukubali kunyonya mpaka asikie ile sauti nzito.

Luti alikuwa anakunywa maziwa ya unga, ya kopo. Bwana Kohozi aliamuru chupa ya mchana iandaliwe asubuhi, iwekwe kwenye sanduku la nyasi karibu na jiko isipoe.

Sasa kosa langu ndilo hili: yale maziwa nilikuwa nayalamba. Nilianza kwa kidole, nikaenda kwa kijiko, nikamalizia kwa kiganja. Ule unga ukigandamana kwenye kaakaa, ndugu zangu, hata mahubiri marefu unayavumilia. Asubuhi moja nafungua kopo, limebaki vumbi. Na siku hiyo mgeni wa kutoka Ulaya anakuja kumkagua Luti kama anafaa kusafirishwa.

Nikakimbia kwa Mama Eliza nikachukua mtogwa, ulanzi uliogemwa hivi punde, mtamu kama maji ya sukari. Kwetu watoto wamekua kwa mtogwa, sikuona ubaya. Nikauchanganya na lile vumbi la maziwa, ukapauka vizuri, nikauweka karibu na jiko kama bwana alivyoamuru.

Mbena gani asiyejua kuwa mtogwa ukikaa kwenye joto unageuka ulanzi mkali? Ni mimi. Siku hiyo Ubena wote ulinitoka.

Mchana mgeni akafika, kavaa suti nyeupe. Nilipoitoa chupa, kizibo kikaruka chenyewe. Hapo ndipo ningeacha. Sikuacha. Yohana akaimba, Luti akanyonya hadi tone la mwisho, akanitazama kama mteja anayetaka kuongezewa.

Baada ya muda miguu yake minne ikakosa kuelewana. Akamwegemea mgeni, akacheua kwenye ile suti, akalala chali na kukoroma.

Bwana Kohozi akapiga magoti, akamnusa mdomo. Akakohoa. "Yohana. Umempa mnyama pombe."

"Mimi, bwana?" Yohana akasema. "Ulanzi wangu simpi hata shemeji yangu. Nitampaje punda?"

Vibarua wakacheka. Mimi nikatazama chini. Yohana akageuka akaniangalia, macho yakasimama kidevuni pangu, maana vumbi la maziwa nililolamba asubuhi lilikuwa bado limenishika. Akajua. Hakunitaja. Alisubiri niseme mwenyewe, na kinywa changu kilichofunguka vizuri kwa maziwa ya mgonjwa, kwa ukweli kikagoma.

Akafukuzwa saa ile ile.

Luti aliamka kesho yake mzima kabisa. Ulanzi haukumuua, naapa. Lakini aligoma kunyonya. Nilijaribu zile tenzi mimi, akanigeuzia matako. Mbavu zikaanza kuhesabika. Bwana Kohozi mwenyewe akasema, "Huyu anamtafuta mtu," akanituma Njombe nimrudishe Yohana.

Nilimkuta shambani anapalilia mahindi. "Kamwene, kaka Yohana. Bwana anakuita. Luti hataki kula."

"Kamwene, dada. Umemwambia?"

"Bado."

"Basi rudi umwambie, ndipo nije. Siwezi kurudi kama mwizi aliyesamehewa kitu ambacho hakuiba."

Nilirudi Makambako. Nikamwambia bwana kuwa Yohana amekataa. Ndiyo, na uongo nikauongeza juu. Luti akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, masikio ameyaelekeza mlangoni.

Bwana Kohozi akaandika kuwa ni kifua. Yohana hakupata tena kazi ya dawa. Kila alikoomba waliuliza, "Si wewe uliyelewesha punda?"

Nilipoolewa alikuja, akanipa kibuyu mbele ya watu. "Dada, huu umegemwa leo asubuhi. Unywe kabla ya mchana." Watu wote wakacheka wakidhani ni utani wa walevi. Nilipiga funda moja ukiwa mtamu bado, nikampokeza bwana harusi kibuyu.

Ameshazikwa, na hakunitaja hata kwa mkewe. Mkewe huyo, Sara, yuko hai, na Jumapili hii nakwenda kumwambia kabla hajasomewa haya na wengine.

Nanyi mnaonisoma, palipo na kosa na mlevi, msikimbilie kunusa mdomo wa mlevi. Tazameni kwanza kidevu cha yule anayetazama chini.