Tangi la Maji la Rukia

Mlio ule niliusikia tena mwezi uliopita, nikisubiri zamu yangu zahanati: tone la maji likidondoka, kisha kengele ndogo. Binti aliyeketi pembeni yangu alikuwa akimwagilia shamba kwenye simu. Msinicheke, lakini nilifumba macho kama zamani.

Mchezo huo niliukuta kijijini Utende kwa mamdogo, mdogo wake mama, mwaka nilipohamia kwake kusoma. Nilikuwa na miaka tisa na nilitoka Jibondo, kisiwa cha mawe ambako maji ya kunywa yalikuja kwa chombo cha baharini, ndani ya madumu. Kata moja ya maji ilitutosha kunawa mikono, uso, kisha miguu, kwa mpangilio ambao hata sasa siukosei. Bibi alikuwa akisema maji yana masikio. Ukiyamwaga ovyo yanasikia, hayarudi.

Rukia, binti wa mamdogo, alinizidi miaka mitatu. Ndiye aliyeishika simu ya kupangusa ya baba yake. Kila alasiri, tukitoka chuoni kusoma Kurani, watoto wa jirani walijazana barazani kutazama shamba lake: mahindi, matikiti, bata wawili, na tangi la buluu. Ukiligusa tangi, maji yanamiminika. Yakiisha, linajaa lenyewe. Wenzangu walishangilia. Mimi nilihisi kama namwangalia mtu akitupa chakula, nikawa nasingizia usingizi.

"Huyu mgeni hapendi kitu," walisema, na jina likawa hilo: Mgeni.

Nilitamani mno jina hilo linitoke. Kwa hiyo siku Rukia alipokwenda Kilindoni na baba yake kununuliwa nguo za Idi, akaniachia simu, nilijiona nimekubaliwa.

"Ukitoka chuoni umwagilie, mdogo wangu," aliniambia. "Usisahau. Mahindi yanakomaa leo."

Alasiri ilikuwa nzito na tulivu. Mahindi yalianza kuinamisha vichwa. Kwenye pembe ya picha palichorwa wingu, nami nilipoliona nikashusha pumzi. Kwetu wingu likijitokeza hakuna anayegusa maji ya akiba. Unatega vyombo, unasubiri. Nikasubiri. Wingu halikusogea. Nililitazama hadi baraza nzima ikawa kama imeingia ndani ya picha ile, bila upepo, bila sauti, mimi na mahindi tukingoja kitu kimoja. Mara mbili nilipeleka kidole kwenye tangi. Mara mbili nikakirudisha.

Rukia aliporudi, shamba lote lilikuwa la kahawia.

"Umeua kila kitu," alisema taratibu.

"Lakini maji yamebaki yote," nilimjibu kwa fahari. "Hata tone sikupoteza."

Watoto wa jirani, waliokwisha kumzunguka, walicheka hadi mmoja akalala chali mkekani. "Bahili wa maji ya simu," alisema. "Anatuwekea ya kuogea."

Rukia hakucheka. Alinigeuzia mgongo, nami nikajua nimekuwa Mgeni tena, pengine moja kwa moja.

Mamdogo alikuwa akikuna nazi mlangoni. Alisema bila kuinua macho: "Mwacheni. Mimi nilipoolewa huku kutoka Jibondo, mwezi mzima niliosha vyungu vyote kwa maji ya bakuli moja, na kisima kiko hapo uani. Mama mkwe akaniita mchafu. Nililia, lakini bakuli la pili sikulichota."

Kicheko kikakatika. Rukia alimtazama mama yake kama mtu aliyemwona sasa hivi. Kisha akaja kuketi karibu yangu, akaanza kupanda mahindi upya. "Haya," alisema, "wewe utaniambia lini nimwagilie."

Mchezo wenyewe sikuupenda hata baada ya hapo. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile mamdogo alinitetea mimi. Nimekuja kuelewa ukubwani kuwa alikuwa akimtetea bi harusi mmoja wa Jibondo, aliyelia peke yake kando ya kisima, na hapakuwa na mtu wa kwao wa kumsemea.