Vijisanamu vya Hunro

Hunro alikuwa mfuma kitani katika kijiji cha wachonga makaburi, ng'ambo ya magharibi ya Mto Nili, na hakumwamini mtu. Hata mkate wa dada yake aliumega kwanza, akaunusa, ndipo akala. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuitwa: kachote maji, kazibue mfereji, kafume. Akaapa kwamba kule kwenye mashamba ya Osiri, mungu wa wafu, akiitwa tena kazini hataitika yeye. Vijisanamu atakavyozikwa navyo ndivyo vitakavyoitika na kufanya kazi badala yake.

Akamfumia kitambaa bora jirani yake Kenna, mchonga miti, naye Kenna akamletea watumishi wadogo waliopakwa rangi, mikono imekunjwa kifuani, kila mmoja na jembe lake. Walikuwa wazuri, tena walikuja upesi mno. Hunro akaingiwa na shaka. Kusoma hakujua, ila alipopapasa mahali palipoandikwa jina lake, kidole kilikuta mkwaruzo chini ya wino mbichi, kama wa jina jingine lililokwanguliwa.

Alikuwa amesikia habari za wezi wa makaburi. Ukizikwa na mali ya maiti, mwenyewe anakungoja kwenye mlango wa kuzimu.

Akamwendea mchongaji. "Kaka Kenna, umemwibia nani?"

Kenna akaendelea kunoa patasi. Alisema hajawahi kufungua kaburi. Hunro akamwambia basi akaseme hayo mbele ya baraza. Hapo patasi ikasimama.

"Ni vya Wiya," alisema Kenna.

Hunro alimjua Wiya, binti wa Kenna, aliyechukuliwa na mto asionekane tena. Kenna alikuwa amemchongea vijisanamu hivyo alipoolewa. Mwili haukupatikana, vikakosa kaburi. Akaona heri vimfae mtu.

"Na vikiitwa, vitamwitikia nani?"

"Sijui, dada."

Katika maneno yote aliyowahi kuambiwa, hilo tu Hunro aliliamini.

"Lirudishe jina la mwanao, kando ya langu. Kila kimoja. Nimekaa hapa, nakutazama."

Kenna akaandika, machozi yakimtiririka. Wino ulipokauka, Hunro akabeba kimoja chini ya shuka hadi kwa mwandishi wa kijiji, akamtaka asome. Majina yalikuwa mawili kweli. Akamwomba asome tena.

Hunro alipofariki, wakati wa mafuriko, wanawake walikuta kisanduku cha vijisanamu kimefungwa kwa fundo lisilofunguka. Kenna akawaambia wakiache hivyo hivyo, akakibeba mwenyewe hadi kaburini.